Gazeti Halijafa Nakivale, Halijawahi Kufika

Kila tunapofundishwa kuhusu vyombo vya habari, somo huishia kwenye matanga. Tunaambiwa gazeti la mahali linakufa, nasi tunaandika insha za kuomboleza: simu imeua gazeti, vijana hawasomi, matangazo ya biashara yamehamia mtandaoni, waandishi wamepunguzwa kazini. Tunapewa alama zetu, tunakwenda zetu. Mimi napinga matanga haya. Sisemi kwamba hayo yanayosemwa ni uongo. Nasema kwamba anayelia msibani ni yule aliyefiwa, na sisi tuliokulia Nakivale hatujafiwa na gazeti. Hatukuwahi kuwa nalo.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958. Ni makazi yenye umri mkubwa kuliko uhuru wa Uganda, uliopatikana mwaka 1962. Walianza kupokewa Wanyarwanda, na baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudan. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 100,000, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, ndani ya wilaya ya Isingiro. Kwa idadi hiyo, mahali pengine pangeitwa mji. Kuna masoko, misikiti, makanisa ya kila namna, vinu vya kusaga, saluni, vibanda vya kuchaji simu na vibanda vya kuonyesha mpira. Lakini gazeti linaloandikwa kwa lugha ambayo Mkongo na Mrundi wanaisoma, lenye mhariri anayejulikana, linalouliza maswali kuhusu mambo ya Nakivale na kuchapa majibu yake, sijapata kuliona likiuzwa sokoni hata siku moja.

Hoja yangu ni hii. Mjadala wetu wote kuhusu mabadiliko ya magazeti ya mahali unaanza pasipofaa, kwa sababu unauliza gazeti limepoteza nini na hauulizi gazeti lilimwacha nani nje tangu mwanzo. Tukiuliza swali hilo la pili, wanafunzi wa Kiswahili wa Mbarara na vyuo vya jirani tutaona kwamba kazi hiyo inatuhusu sisi kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba tumeikwepa.

Tuanze na Mbarara yenyewe. Mbarara imepata hadhi ya jiji Julai 2020, na kwa miaka mingi imekuwa kitovu cha habari za magharibi ya Uganda. Ina redio zake, Radio West na Radio Endigyito zikiwa miongoni mwa zinazojulikana sana. Ilikuwa na gazeti lake pia, Orumuri, lililoandikwa kwa Runyankore-Rukiga na kutolewa na kampuni ya Vision Group, ambayo serikali ina hisa nyingi ndani yake. Jina lenyewe maana yake ni mwanga. Mkulima wa Isingiro aliweza kusoma kwa lugha ya mama yake juu ya bei ya ndizi, kesi za ardhi, barabara iliyoahidiwa na mbunge aliyeiahidi. Hiyo ndiyo kazi ya gazeti la mahali: kumwandika diwani na mganga na mwalimu mkuu ambao gazeti la Kampala halina muda nao. Korona ilipoingia mwaka 2020, kampuni hiyo ilisimamisha magazeti yake ya mikoani, Orumuri likiwamo, pamoja na Etop la Kiateso na Rupiny la Kiluo. Watu wa Mbarara waliosikitika walikuwa na haki ya kusikitika.

Lakini hata siku Orumuri lilipokuwa likitoka kila wiki, Nakivale ilikuwa ndani yake kama habari tu, haikuwa miongoni mwa wasomaji wake. Tuliandikwa pale ambapo kulikuwa na ugomvi wa ardhi kati yetu na wenyeji, au ugonjwa, au mgeni mkubwa aliyekuja na msafara wa magari. Simlaumu mwandishi wa Mbarara peke yake. Nauli ya kwenda Base Camp na kurudi hutoka mfukoni mwake, analipwa kwa habari iliyochapwa, na akifika hana lugha ya kumhoji mama Mkongo aliyekaa mbele ya mlango wake. Kwa hiyo anamhoji ofisa, kwa sababu ofisa anaongea Kiingereza. Anarudi mjini na habari kuhusu wakimbizi ambayo hakuna mkimbizi aliyezungumza ndani yake. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tupo, na bado letu halipo.

Wako watakaoniambia kwamba Nakivale haina upungufu wa taarifa. Wataniambia kuna mbao za matangazo mbele ya kila ofisi, kuna vipaza sauti, kuna mikutano, kuna wahamasishaji wenye fulana za mashirika. Ni kweli, na hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Tunachopewa ni tangazo. Tunachokosa ni habari. Tangazo hutoka juu na kushuka. Hukwambia uende wapi, lini, ukiwa na karatasi gani. Halikwambii nani aliamua, kwa nini aliamua, nani alipinga, wala ufanye nini kama limekosea. Habari hutafutwa na mtu ambaye hakuamua jambo lenyewe, akauliza pande zote, akaweka jina lake chini, na wiki inayofuata akasahihisha alipokosea. Watu wanaweza kuishi miaka zaidi ya sitini kwa matangazo tu. Sisi ni ushahidi. Lakini tuangalie gharama yake.

Julai 2010, serikali za Uganda na Rwanda ziliwarudisha Rwanda kwa nguvu watu wapatao 1,700 kutoka Nakivale na makazi ya Kyaka II. UNHCR ililaani jambo hilo hadharani. Mashirika ya haki za binadamu yalieleza jinsi watu walivyokusanywa: walikuwa wameambiwa kuna mgawo wa chakula, au kuna majibu ya maombi yao ya hifadhi, kisha wakazungukwa na kupakiwa kwenye malori. Wako waliokufa wakijaribu kuruka. Naomba msomaji akitazame kisa hiki kwa jicho la mwandishi wa habari. Watu wale waliitwa kwa tangazo, wakaliamini, kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kuliuliza. Hakukuwa na chumba chenye meza na simu ambacho mtu angekimbilia jioni ile na kusema: wametuita kesho, mnajua ni kwa nini? Sidai kwamba gazeti lingeyazuia malori. Nadai kwamba watu wanaozoea kupokea matangazo bila mtu wa kuyapima ni rahisi kukusanywa uwanjani.

Miaka minane baadaye lilikuja jambo la hesabu. Februari 2018 maofisa kadhaa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia wakimbizi Uganda, walisimamishwa kazi kwa tuhuma zilizohusu kuongezwa kwa idadi za wakimbizi. Serikali na UNHCR wakawahesabu watu upya nchi nzima kwa alama za vidole na macho. Kabla ya hapo ilitangazwa kwamba Uganda ina wakimbizi takribani milioni 1.4. Hesabu ilipoisha mwishoni mwa mwaka, walikuwa takribani milioni 1.1. Wafadhili walishangaa na magazeti ya Kampala yakaandika kwa wiki nyingi. Sasa niambieni: nani angekuwa wa kwanza kujua kwamba nyumba fulani ina watu wanne na karatasi inasema tisa? Jirani. Mwenyekiti wa kijiji. Mwenye duka anayeuza chumvi kwa mkopo. Elimu hiyo yote ilikuwa imekaa vijijini, katika makazi yote ya nchi, na hapakuwa na gazeti la vijijini la kuikusanya. Ilibidi ianzie kwa wakubwa ndipo iwe habari.

Na mwaka 2019 kituo cha NBC cha Marekani kilitangaza uchunguzi wa miezi saba uliofanywa katika nchi tano, Uganda ikiwa mojawapo, ambamo wakimbizi walidai kuombwa rushwa ili majina yao yapelekwe nchi ya tatu. Uchunguzi mzuri, wala siudharau. Lakini fikirini safari iliyokwenda habari ile. Jambo linalonong'onwa kibandani kwetu lilivuka bahari, likaandikwa kwa Kiingereza, likasomwa na Wamarekani, kisha likaturudia vipande vipande kwenye simu za wachache wenye bando. Mwenye kuumwa alikuwa wa mwisho kusoma juu ya ugonjwa wake.

Mfano wa karibuni zaidi uko matumboni mwetu. Posho ya chakula ilipunguzwa mwaka 2020, ikapunguzwa tena 2021. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa watu kwa makundi kulingana na hali yao, wengine wakapata zaidi na wengine pungufu. Mei 2025, kwa kukosa fedha, shirika hilo lilisema limewaondoa wakimbizi milioni moja nchini Uganda katika orodha ya msaada wa chakula. Sababu kubwa iko mbali nasi: nchi tajiri zimekata michango. Lakini hakuna aliyekaa na kuieleza familia moja moja kwa nini nyumba hii imo na ile imetoka. Pengo hilo likajazwa na uvumi. Wengine walisema kabila fulani limependelewa. Wengine walisema mwenyekiti kauza majina. Wengine walisema ni adhabu. Majirani waliokuwa wakiazimana sufuria wakaanza kutazamana kwa jicho baya. Gazeti lisingeongeza gunia hata moja. Lingeweza kuchapa vigezo vyote vya makundi kwa lugha inayoeleweka, kumhoji anayehusika, kueleza rufaa inapelekwa wapi na inachukua siku ngapi, na kuwahesabu waliokata rufaa wakajibiwa. Kufa njaa pamoja na kutojua kwa nini ni mizigo miwili. Mmoja ungeweza kupunguzwa.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, maana nawajua. Wengine tunakaa dawati moja.

Wa kwanza anasema: siku hizi kuna WhatsApp, gazeti la nini? Huyu anasahau kwamba mtandao wenyewe Uganda si uwanja wazi. Mwaka 2018 uliwekwa ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 uliondolewa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Facebook ilifungwa Januari 2021 kabla ya uchaguzi. Lakini tuache hayo, tuseme bando ni bure. Kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Nakivale ni sauti zilizorekodiwa na mtu asiyejulikana, zikapitishwa mara mia. Nimesikia mwenyewe, zaidi ya mara moja, sauti inayosema majina ya kwenda Kanada yametoka na ada ya kuhakikisha jina lako ilipwe kwa namba fulani. Namba ikifungwa, sauti inabaki inazunguka. Huwezi kumwandikia barua mhariri wa sauti ile. Hana jina wala ofisi, na hana aibu. Siidharau simu: ndiyo njia ya kufikisha habari kwa asiyesoma. Ila simu ni baiskeli, na baiskeli hubeba maziwa na hubeba sumu kwa mwendo ule ule. Tunachohitaji ni mtu wa kuangalia kilichomo ndani ya dumu.

Wa pili anatutisha kwa historia. Anasema chombo cha habari katikati ya makabila yaliyopigana ni kiberiti, na anataja RTLM ya Rwanda ya 1993 na 1994. Hoja hii ni nzito, na mtu wa eneo letu asiyeichukua kwa uzito hajui anachosema. Lakini RTLM ilikuwa redio ya watu waliokuwa karibu na madaraka. Haikuwa redio ya wanyonge iliyokosa msimamizi. Tena anayetaja RTLM asiishie hapo. Mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, Tanzania, katikati ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Mahali palipokuwa na hofu kubwa kuliko pote ndipo walipoona watu hawawezi kuachwa na uvumi peke yake. Na wale wa Burundi wanakumbuka tarehe 13 na 14 Mei 2015, redio binafsi za Bujumbura zilipovamiwa, nyingine zikachomwa. Waliozivamia walijua thamani yake. Wasikilizaji wa redio hizo wako wengi Nakivale, kama walivyo wasikilizaji wa Radio Okapi kutoka Kongo. Watu hawa waliacha nyumbani mashamba na makaburi, na waliacha pia mazoea ya kusikia mkubwa akiulizwa maswali. Tumewapa hema, hatujawarudishia mazoea hayo.

Wa tatu ni mtu wa sheria. Anasema mkimbizi haruhusiwi. Tuisome sheria pamoja basi. Katiba ya Uganda, ibara ya 29, inatoa uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari kwa kila mtu. Haikusema kila raia. Ibara ya 41, inayohusu haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, ndiyo inayosema raia. Tofauti hiyo ya neno moja inatueleza hali yetu vizuri kuliko hotuba nyingi: mkimbizi ana haki ya kusema, lakini hana haki ya kudai apewe nyaraka za kile anachotaka kusema. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamkataza kujihusisha na siasa, na sheria ya waandishi ya 1995 inataka usajili na cheti. Kwa hiyo milango iko, mingine imefungwa nusu. Lakini bei ya mahindi si siasa. Tarehe ya mgawo si siasa. Kisima kilichoharibika tangu mwaka jana si siasa, hata kama kuna mtu angependa kiwe siasa ili kisiandikwe. Na pale ambapo sheria inamtaka raia mwenye haki ya kuomba nyaraka, au mtu mwenye cheti cha kuhariri, jibu ni wazi: raia yupo, naye ni mwanafunzi mwenzangu wa Mbarara, Isingiro, Ntungamo, anayesoma kozi hii hii.

Wa nne anasema wakimbizi hawanunui magazeti. Ni kweli hawajanunua kisichouzwa. Lakini gazeti la kijiji halihitaji kila mtu anunue nakala. Ukurasa mmoja uliobandikwa kwenye kinu cha kusaga husomwa na wote wanaosubiri unga wao, na mmoja mwenye kusoma husomea kumi wasiosoma. Anayefikiri kwamba gazeti la Waafrika maskini ni ndoto afungue historia ya lugha hii anayoisomea. Mwaka 1937 mjini Dar es Salaam lilianzishwa gazeti la Kiswahili liitwalo Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa na Mambo Leo yake, iliyotoka tangu 1923, ikiwaambia Waafrika yale serikali iliyotaka wayajue. Mwanzilishi wa Kwetu, Erica Fiah, alikuwa mwenye duka. Tena hakuwa Mtanganyika. Alikuwa Mganda. Mtu aliyetoka nchi hii, akaishi ugenini, akashika Kiswahili ambacho hakikuwa lugha ya mama yake, na kwa lugha hiyo akawapa wenyeji na wageni gazeti la kuulizia maswali. Huyu ndiye babu yetu katika kazi hii, na sikumbuki kumsikia akitajwa hata mara moja katika sherehe zetu za Kiswahili.

Na hapo nafika kwenye sherehe zenyewe. Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005. UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwezi huo huo wa mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Kila Julai tunavaa vitenge, tunaghani mashairi, tunasikiliza hotuba kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja wa Afrika Mashariki. Baadhi ya hotuba hizo hutolewa kwa Kiingereza. Wenzetu wa Kiganda na Kinyankore wanakumbuka kwamba Kiswahili kilikuja kwao na wanajeshi, na kwamba Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973. Hofu hiyo haitaondolewa na mashairi ya Julai. Itaondolewa siku mtu wa Isingiro atakapokiona Kiswahili kikimfanyia kazi.

Kazi hiyo iko karibu sana. Nakivale, safari ya taksi kutoka mabweni yetu, maelfu ya watu wanauziana, wanaoana, wanagombana na kusuluhishana kwa Kiswahili. Mkongo wa Kivu na Mrundi wanakutana ndani yake. Msomali mwenye duka anajifunza cha kutosha kuuza sukari. Najua Kiswahili si cha wote: wako Waethiopia na Waeritrea wasiokijua, na Mnyarwanda mzee atapendelea Kinyarwanda. Lakini hakuna lugha nyingine pale inayofika mbali kama hii. Nasi tunaoisomea kwa miaka mitatu tunaandika tasnifu juu ya Kiswahili sanifu dhidi ya Kiswahili cha Kongo, tunahesabu makosa ya ngeli ya watu wasio na maji ya kunywa, kisha tunaomba kazi ya ukalimani katika shirika. Tukiipata kazi hiyo, tunafasiri matangazo.

Walimu wetu nao siwaachi. Mnatupa kazi ya kuandika insha juu ya nafasi ya vyombo vya habari katika jamii. Tupeni kazi ya kuandika habari. Mnatuonyesha kurasa za Taifa Leo na Mwananchi tuchambue mtindo wa vichwa vya habari. Ni magazeti mazuri, lakini yanaandikwa Nairobi na Dar es Salaam, na wanafunzi wanaoyachambua hawajawahi kumuuliza mtu yeyote swali gumu wakiwa wameshika daftari.

Ninachopendekeza ni kidogo, na udogo wake ndio unaonifanya niamini kwamba kinawezekana. Karatasi moja, pande mbili, kila wiki mbili. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Runyankore, kwa sababu wenyeji nao wana maswali. Sera ya Uganda inasema asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwanufaishe wanaowapokea. Mkulima wa Isingiro anayetazama malori yakipita mbele ya shamba lake ana haki ya kusoma kama asilimia hiyo imefika na imejenga nini. Gazeti la wakimbizi peke yao litatugawa. Gazeti la mahali, la wote wanaokunywa maji ya ziwa moja, linaweza kutuonyesha kwamba wengi wa wanaotunyima majibu ni wale wale.

Mhariri awe mwalimu mwenye cheti, jina lake lichapwe. Wanahabari wawe jozi: mwanafunzi raia na kijana wa Nakivale. Kila toleo liwe na bei za mahindi, maharage na mkaa katika masoko matatu. Tarehe za mgawo na za kliniki. Swali moja lililoulizwa ofisini pamoja na jibu lake, na kama jibu halikuja, siku ambazo limechelewa. Na kona ya masahihisho, hata kama kosa ni la jina la mtaa. Ibandikwe kwenye vinu, misikiti, makanisa na vibanda vya simu. Msomaji mmoja aisome kwa sauti, irekodiwe, isambazwe kwa WhatsApp ikiwa na jina la gazeti mwanzo na mwisho. Pesa ya karatasi isitoke kwa shirika lolote linaloandikwa humo. Tutachanga. Bei ya vitenge vya Julai moja inaweza kulipia matoleo mengi.

Litakuwa na shida. Huko Kakuma, Kenya, wakimbizi walianzisha gazeti lao, Kanere, mwaka 2008, wakaliandika hasa kwa Kiingereza ili dunia iwasome. Walikutana na upinzani na ukosefu wa fedha, na bado waliendelea. Sisi tunaweza kujifunza ushupavu kutoka kwao na tukachagua msomaji mwingine. Dunia imeshasoma mengi juu yetu. Anayesubiri ni mama aliyesimama kwenye foleni ya kinu huko Juru, ambaye jina lake limeondolewa kwenye orodha, na anayetaka kujua amwone nani, siku gani, na wangapi wengine wamepatwa na hilo hilo.

Muhula ujao una wiki kumi na tano au karibu na hapo. Hayo ni matoleo saba. Wanafunzi wanaotaka kushika daftari waandike majina yao, na mwalimu aliye tayari kuweka jina lake chini ya ukurasa ajitokeze mbele ya darasa, si pembeni.